Kubeba vya Nyumbani au Kutegemea vya Hoteli: Ulinganisho kwa Anayefunga Mizigo ya Likizo

Familia inayotoka Dar es Salaam kwenda likizo ya Desemba mara nyingi hulala katika vyumba vya aina mbili ndani ya safari moja: usiku mmoja au miwili katika gesti ya mjini, kisha siku nne au tano katika hoteli ya ufukweni, tuseme Paje au Nungwi. Mizigo hufungwa mara moja tu, ilhali vyumba hivyo viwili havidai vitu sawa, na hapo ndipo ubishi wa kila mwaka unapoanzia nyumbani kwetu. Dada yangu hubeba nyumba nzima: shuka, mto, taulo za watu wote, ndoo ndogo na kopo la dawa ya kuua wadudu. Mume wangu hubeba mswaki. Mimi nimesafiri kwa mtindo wa kila mmoja wao, na hapa ninaviweka vitu hivyo ana kwa ana, kimoja baada ya kingine, ili msomaji achague kulingana na chumba anachokwenda kulala. Kipimo changu ni kimoja: uzito wa begi utumike kwa kile kinachogusa ngozi moja kwa moja, na kwa kile kinachozuia wadudu wasirudi nasi nyumbani. Mengine ni kazi ya hoteli, nayo imelipwa kwa kazi hiyo.

Sanduku gumu au begi la kitambaa

Begi la kitambaa lina sifa zake. Linabanwa kwenye buti la basi, linasukumwa chini ya kiti cha boti, na mchukuzi wa bandari ya Malindi, Unguja, analitupia begani bila kunung'unika, ilhali sanduku gumu halibaniki, na magurudumu yake huchoka upesi katika vichochoro vya Mji Mkongwe na kwenye mchanga wa pwani ya mashariki. Kwa safari ya kupanda na kushuka vyombo vingi, begi la kitambaa linashinda bila mjadala.

Mkishaingia chumbani hukumu inageuka. Kunguni hupanda vizuri kwenye kitambaa, mbao na ukuta wenye mikwaruzo, lakini huteleza kwenye plastiki laini na chuma kilichong'aa. Tena begi la kitambaa lina mishono, mikunjo na mifuko ya pembeni ambamo mdudu bapa wa milimita 5 hivi, mwenye mayai ya milimita 1, anaweza kukaa muda mrefu bila mtu kumwona. Kunguni mkubwa huweza kuishi miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo begi lililowekwa juu ya kabati kuanzia Januari hadi Pasaka halijajisafisha lenyewe. Ndiyo maana kwa safari yenye gesti mbili tatu mimi huchagua sanduku gumu na kuvumilia usumbufu wa vichochoroni, na kwa safari ya hoteli moja tu huchukua begi la kitambaa. Liwe lipi kati ya hayo, halipandi kitandani. Mahali pake pa kwanza ni bafuni, kwenye vigae, na baada ya ukaguzi ni juu ya meza au kibao cha mizigo kilichosogezwa mbali kidogo na ukuta.

Jambo ambalo wengi hawalijui linahusu nguo chafu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba kunguni hukusanyika kwenye nguo zilizovaliwa takriban mara mbili zaidi kuliko kwenye nguo safi, kwa sababu harufu ya mwili wa binadamu hubaki kwenye kitambaa. Rundo la nguo za jana lililoachwa sakafuni karibu na kitanda, basi, ni mwaliko. Nguo hizo zinahitaji mfuko wake unaofungwa, na hapa kuna uchaguzi mwingine wa kufanywa mapema. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, Zanzibar ilitangulia kwa miaka mingi, na Kenya nayo iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo ndugu anayekuja likizo kutoka ng'ambo asitegemee mifuko ya plastiki ya dukani. Mfuko mzito usiopitisha maji, wenye zipu au wa kukunjwa mdomo, unafaa zaidi: hubeba nguo chafu, hubeba nguo za kuogelea zilizolowa, na hufuliwa ukatumika mwaka kesho.

Kukagua kitanda au kuamini sura ya chumba

Hapa sina budi kukaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo mtindo wa dada yangu na wa mume wangu yote miwili huanguka. Kubeba shuka zako hakumzuii kunguni aliye ndani ya godoro. Atatembea juu ya shuka lako kama alivyotembea juu ya lile la mwenye nyumba. Kuamini chumba kwa sababu kinanukia vizuri na kina kiyoyozi ni kosa la upande wa pili. Kunguni hafuati uchafu, anafuata damu na joto la mtu, naye husafirishwa na mizigo ya wageni. Paris, mji wenye hoteli za bei ya kutisha, ulitikiswa na hofu yake mwaka 2023.

Miaka michache iliyopita tulifika usiku katika gesti moja ya mji wa milimani, tumechoka, watoto wamelala mabegani. Sakafu ilikuwa imedekiwa, shuka zilikuwa na mikunjo ya pasi, na mhudumu alikuwa na adabu ya kupigiwa mfano. Nilikuwa karibu kumlaza mtoto. Nikainua kona ya shuka upande wa kichwani, nikamulika kwa tochi ya simu kwenye ule mshono mnene unaozunguka ukingo wa godoro, nikaona vidoa vyeusi vimejipanga kama mtu amegusisha ncha ya kalamu ya wino kwenye kitambaa. Nilipotenganisha mshono kwa ukucha, kitu cha rangi ya kahawia kikakimbia. Mume wangu, ambaye mpaka dakika ile aliuita ukaguzi wangu wasiwasi wa kike, ndiye aliyetoa mizigo nje haraka kuliko sisi sote.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho ninachokishauri. Hatukugombana. Nilikwenda mapokezi nikasema, "Samahani kaka, godoro la chumba chetu lina kunguni, naomba utupe chumba kingine, kisipakane na kile, wala kisiwe juu yake au chini yake." Ombi la mwisho si ubishoo, kwa sababu kunguni hupita kwenye nyufa za ukuta na matundu ya nyaya za umeme kutoka chumba hadi chumba. Chumba cha pili kilikuwa upande mwingine wa uwanja, nacho tulikikagua kabla ya kutia mzigo ndani.

Ukaguzi wenyewe hauchukui zaidi ya dakika tano. Mizigo ibaki bafuni au mlangoni. Fungua shuka kwenye kona zote nne, ukianzia kichwani, uangalie mishono ya godoro na lebo yake. Kisha nyuma ya ubao wa kitanda, kwenye matundu ya skrubu na maungio ya chaga. Kisha droo ya meza ya pembeni. Unatafuta vidoa vyeusi, maganda mepesi ya rangi ya kaki, na michirizi midogo ya damu kwenye shuka au foronya. Kunguni hajulikani kueneza magonjwa kwa kuuma, na hilo ni la kushukuru, lakini muwasho wake huweza kuchelewa siku kadhaa, kiasi kwamba mtu huilaumu hoteli ya pili kwa kosa la gesti ya kwanza.

Kati ya tochi ya simu na kopo la dawa ya kupuliza, chagua tochi. Dawa ya kupuliza juu ya kitanda utakacholalia dakika kumi baadaye huingia kwenye pumzi ya mtoto, na kunguni aliyejificha ndani ya mshono huweza asiguswe nayo kabisa.

Shuka lako, shuka la hoteli, na blanketi ambalo hakuna anayelifikiria

Hoteli za ufukweni hutandika vyeupe vitupu, mtindo uliopata nguvu baada ya hoteli za Westin nchini Marekani kuutangaza mwaka 1999, na faida yake kwa mgeni ni kwamba cheupe hakifichi: doa linaonekana, na kitambaa kinavumilia maji ya moto na Jiki. Katika chumba cha namna hiyo kubeba shuka ni kupoteza kilo mbili za mzigo. Katika gesti zinazotandika shuka za maua na rangi nzito, doa huweza kupita bila kuonekana, lakini hata huko kubeba seti nzima ya shuka ni kupita kiasi.

Tatizo halisi liko kwenye blanketi. Shuka hubadilishwa mgeni anapoondoka. Blanketi, kitambaa cha mapambo kilichotandazwa miguuni na mito midogo ya urembo havifuliwi kila mara. Pwani jambo hili halina uzito, kwa kuwa Desemba ya Unguja haihitaji blanketi. Lushoto mwezi wa Julai ni habari nyingine, maana huko blanketi zito litakufunika mpaka kidevuni. Jibu langu ni doti ya kanga: vipande viwili, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa mita moja, ambavyo vikiachwa bila kukatwa hufanya kitambaa kirefu cha kutosha kutandikwa kati ya mwili na blanketi. Doti ina uzito mdogo, hukauka haraka, na asubuhi inayofuata huvaliwa ufukweni. Sijaona shuka la kusafiria, hata yale ya hariri yanayouzwa kwa wapanda milima, linalofanya kazi nyingi hivyo kwa bei hiyo.

Foronya peke yake ndiyo nguo ya kitanda ninayoibeba daima, kwa gesti na kwa hoteli. Uso hukaa juu yake usiku kucha, nayo haina uzito.

Taulo

Taulo la hoteli ya ufukweni ni zuri kwa kuogea, halafu kuna lile jingine la bwawani na baharini, ambalo ukilipoteza unalipa. Taulo la gesti huwa dogo na limechakaa, lakini mara nyingi ni safi. La nyumbani ni zito, na katika unyevu wa pwani halikauki: likitundikwa chumbani jioni, asubuhi bado lina maji, na siku ya tatu linanuka ukungu hata kama lilianza likiwa safi. Kwa hiyo kwa kuogea nategemea la hoteli, na kwa gesti nabeba kikoi chepesi. Watoto wadogo wabebewe taulo lao moja, kwa sababu hulala nalo, hulitafuna, na hulidai.

Bafuni

Kandambili hazina mpinzani. Hoteli hutoa ndala laini za kitambaa ambazo zikilowa mara moja zimekwisha, na gesti huweka bafuni jozi ya plastiki ya wageni wote, wakati mwingine iliyokatwa pembe ili isiibwe, ambayo imeshavaliwa na miguu mingi kuliko mtu angependa kuhesabu. Fangasi wa vidole hupatikana hivyo hivyo. Jozi ya kwako ina uzito wa embe moja.

Kuhusu sabuni, vitoleo vikubwa vya kubandikwa ukutani vimechukua nafasi ya vichupa vidogo katika hoteli nyingi, hasa tangu makampuni ya hoteli kama IHG na Marriott yalipotangaza mabadiliko hayo mwaka 2019. Mazingira yamepata nafuu, na kwa ngozi isiyochagua vinatosha. Mwenye ngozi inayowasha, au mwenye mtoto mchanga, abebe yake. Mimi hukata kwa kisu kipande cha sabuni ya mche chenye urefu wa kidole, nikakitia kwenye kikopo. Kinafua chupi, kinatoa doa la embe kwenye shati, na kinanawisha mikono. Angalizo kwa wanaokwenda pwani ya mashariki ya Unguja: maji ya visima huko huwa na chumvichumvi, sabuni haitoi povu kama mlivyozoea, na nywele hubaki na ukakasi, kwa hiyo mafuta ya nywele yawe mengi kuliko shampuu.

Halafu kuna suala la kujitawadha, ambalo miongozo ya hoteli iliyoandikwa Ulaya hailigusi. Hoteli nyingi za Zanzibar zina bomba la mkono pembeni ya choo, na gesti huwa na kopo na ndoo. Hoteli inayofuata mtindo wa Ulaya huenda ikawa na karatasi peke yake. Kopo la kubeba linachukua nafasi. Chupa tupu ya maji ya nusu lita inafanya kazi ile ile na kutupwa mwisho wa safari. Mswala nao ubebwe, ule mwembamba wa kukunjwa, kwa kuwa zulia la hoteli halina hakika na sakafu ya gesti huwa imelowa.

Vinavyoshikwa: kitakasa mikono au sabuni na maji

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Houston walichukua sampuli katika vyumba 9 vya hoteli katika majimbo matatu ya Marekani. Vyumba 9 ni vichache, na hawakupima magonjwa yenyewe, ila matokeo yao yanaendana na akili ya kawaida: zaidi ya choo na sinki, vitu vilivyobeba bakteria wengi ni rimoti ya televisheni na swichi ya taa ya kitandani, na sponji na mafagio ya maji ya wahudumu navyo vilikuwa na wengi. Ubao wa kitanda ulikuwa miongoni mwa vilivyo safi zaidi. Kwa maneno mengine, mhudumu anasafisha kile ambacho macho ya mgeni yatakitazama, na hapaswi kulaumiwa, kwa kuwa anapimwa kwa idadi ya vyumba anavyomaliza.

Pakiti ndogo ya vitambaa vyenye dawa inatosha familia kwa wiki nzima, ikiwa itatumika kwa vitu sita tu: rimoti, swichi, simu ya mezani, kitasa, mpini wa kuvutia maji chooni na bomba la sinki. Kosa la kawaida ni kupangusa na kukausha papo hapo. Dawa inahitaji kubaki na unyevu kwa dakika kadhaa kama maelezo ya pakiti yanavyosema, vinginevyo umehamisha uchafu tu. Rimoti yenye vitufe vilivyozama mimi huivika mfuko mwepesi wa plastiki wenye zipu, ule wa vipodozi, ambao ninaondoka nao.

Kuhusu mikono, sabuni na maji vinakishinda kitakasa, hasa kwa familia yenye watoto, kwa sababu virusi vya norovirus vinavyoleta kutapika na kuhara havikomeshwi vizuri na kitakasa cha alkoholi, bali huondolewa kwa kunawa. Kitakasa kina nafasi yake ndani ya basi na kwenye boti. Chumbani kuna bomba.

Chandarua, maji na dobi

Usibebe chandarua, isipokuwa kile kidogo cha kukunjua cha mtoto mchanga. Vyumba vingi havina mahali pa kukitundika, na hoteli za pwani karibu zote zinacho. Beba sindano na uzi badala yake. Chandarua cha duara kilichofungwa kwa utepe ni kizuri kwenye picha, lakini kifungue kabla jua halijazama, uangalie matundu, na ukichomeke chini ya godoro kisigusane na ngozi, maana mbu humuuma mtu kupitia kitambaa. Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kupaka haina mbadala.

Birika la umeme la chumbani lisuuzwe, lichemshwe mara moja na maji hayo yamwagwe, kisha litumike. Chupa ya maji ya bure yenye kizibo kilichokwishafunguliwa iwe ya kunawia.

Dobi wa hoteli hutoza kwa kila nguo, na bei ya kufua shati mara nyingine hukaribia bei ya shati la mtumba. Dobi wa mtaani, katika miji kama Zanzibar au Moshi, ni nafuu na pasi yake ya moto hupita kwenye mishono ambako wadudu hujificha. Chupi na soksi fua mwenyewe usiku, utundike karibu na feni.

Siku ya kurudi

Mzigo wa kurudi hufungwa kwa uangalifu kuliko wa kwenda, ingawa wengi hufanya kinyume chake. Kung'uta kila nguo bafuni, juu ya vigae vyeupe, kabla ya kuitia sandukuni. Nyumbani sanduku libaki barazani, lisiingie chumba cha kulala. Nguo zote, pamoja na zile ambazo hazikuvaliwa, ziende moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi joto 60 kama mashine yako inafika huko. Kama hufui kwa mashine, loweka zile zinazovumilia kwenye maji yaliyotoka jikoni sasa hivi, na zilizobaki zipigwe pasi ya moto kwenye mishono. Kuanika juani peke yake hakutoshi, kwa kuwa upande wa ndani wa kitambaa kinene hubaki na joto ambalo kunguni analivumilia. Sanduku gumu lipanguswe kwa kitambaa cha maji ya sabuni, ndani na nje, zipu na maungio ya magurudumu yakipigwa brashi. Begi la kitambaa ligeuzwe ndani nje, mifuko yote ivutwe, na mishono imulikwe kwa ile ile tochi ya simu kabla halijarudi juu ya kabati.